Aliyewaimbia Wengine

Kuna hadithi moja inayopendwa sana katika vijitabu vya mahubiri vya Kiingereza. Eti mshairi William Cowper (wenyewe hutamka "Kupa") alikata tamaa usiku mmoja, akapanda gari la farasi, akamwamuru mwendeshaji ampeleke mto Thames ili akajitupe. Ukungu ukatanda. Yule mwendeshaji akazunguka wee, akapotea kabisa, mwisho akasimamisha farasi na kukiri kwamba hajui walipo. Cowper akashuka, akatazama: kumbe yuko mlangoni kwake! Akaingia ndani, akachukua kalamu, akatunga ule wimbo wake maarufu juu ya siri ya kazi za Mungu.

Tamu, sivyo? Mimi nasema ni hadithi mbaya. Ni mbaya kifasihi, kabla hata hujauliza kama ni ya kweli. Na ukweli wenyewe haumo. Mwanzoni mwa 1773, wakati wimbo ule unapohesabiwa kutungwa, Cowper alikuwa anakaa Olney, mji mdogo wa wafuma lesi, zaidi ya kilomita 70 kutoka London. Mto unaopita Olney ni Ouse, wala si Thames. Aliyeibuni hadithi hii nadhani alikwapua jambo la miaka kumi nyuma. Mwaka 1763 Cowper, akiwa kijana wa sheria mjini London, aliogopa mno usaili wa kazi mbele ya Baraza la Malordi hata akajaribu kujiua. Aliandika mwenyewe baadaye kwamba alikwenda na gari hadi gati la mtoni, akakuta maji yamekupwa na mchukuzi amekaa pale juu ya mizigo, akarudi garini. Kwa hiyo kitu kilikuwepo. Ila hakukuwa na wimbo mwisho wake. Kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili.

Sasa mtaniuliza: sisi Cowper anatuhusu nini? Anatuhusu, tena tunamwimba. Ule wimbo wa damu ya Imanueli uliomo katika Tenzi za Rohoni, ambao akina mama wanaujua kwa moyo bila kufungua kitabu, ni wa kwake. Aliyeutafsiri alijitahidi sana, hata mizani akaihifadhi: 8 kisha 6, 8 kisha 6, kama ulivyo kwa Kiingereza. Tumeimba maneno ya mtu huyu kwenye misiba na mikesha, na wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake.

Maisha yake nitayapitia haraka. Alizaliwa 1731. Mama yake alifariki 1737, mtoto hajatimiza miaka 6. Baada ya lile jaribio la 1763 alitibiwa kwa Dk. Nathaniel Cotton huko St Albans, na humo humo hospitalini, mwaka 1764, akiwa anasoma Waraka kwa Warumi, akaokoka. Akapona. Akahamia kwenye familia ya Unwin. Baba wa nyumba alipofariki 1767, Cowper na mjane, Mama Mary Unwin, wakahamia Olney ili wawe karibu na mchungaji John Newton. Hao wawili, Newton na Cowper, wakaanza kutunga kitabu cha nyimbo kwa ajili ya watu wa kawaida wa pale. Kilitoka 1779 kikiwa na nyimbo 348. Za Cowper hazifiki 70. Sababu ya kutofika ndiyo habari yenyewe: Januari 1773 akili yake ilivurugika tena. Mwezi uliofuata aliota ndoto, akasikia neno likimwambia kwamba yeye amekwisha, amepotea. Aliliamini neno lile. Aliishi miaka 27 baada ya hapo na hakuingia tena kanisani.

Hapo ndipo ile hadithi ya ukungu inaponiudhi. Inamaliza mambo pale ambapo kwa kweli yalikuwa yanaanza.

Basi tuingie kwenye nyimbo zenyewe. Shuleni tulifundishwa kuchambua fani na maudhui, hii huku na ile kule, kama mtu anayetenganisha mchele na chuya. Hapa naomba tutazame kitu kimoja tu, nacho ni nafsi. Nani anasema, na anamwambia nani?

Katika ule wimbo wa damu, ambao ulitungwa kabla ya 1773, "mimi" yumo. Mtunzi anamtazama yule mwizi wa msalabani, kisha anajisogeza mwenyewe kwenye ile chemchemi: na mimi pia, mchafu kama yeye. Ni wimbo wa mtu anayejua jina lake limo kwenye orodha.

Sasa chukua ule wa 1773. Una beti sita, kila ubeti mishororo minne, mizani ni zile zile 8 na 6. Taswira zake ni kubwa: bahari yenye nyayo za Mungu, tufani anayoipanda kama mnyama, machimbo ya chini sana ardhini ambako mipango yake inahifadhiwa, mawingu mazito yatakayoshuka kuwa mvua njema, kichipukizi kichungu kinachotangulia ua tamu. Watu huzinukuu taswira hizo kila siku. Lakini tafuteni "mimi" humo ndani. Someni ubeti wa kwanza hadi wa sita. Hayupo! Kuna Mungu, na kuna "ninyi", ninyi watakatifu wenye hofu. Mtunzi anawatia moyo, anawakataza wasimhukumu Bwana kwa akili zao dhaifu, anawaahidi. Yeye mwenyewe ametoka nje ya wimbo na kufunga mlango taratibu.

Mhakiki mwingine angesema hiyo ni kawaida ya nyimbo za kanisa, mbona Newton naye anawahubiria watu. Ni kweli. Lakini Newton anapohubiri haachi kujitaja. Ule wimbo wake wa neema umejaa "mimi" kama chungu cha maharage. Na Cowper alikuwa anajitaja, tumeona. Kwa hiyo mimi naisoma hivi: mtu aliyekuwa anahisi sakafu inaondoka chini ya miguu yake aliona bado anaweza kuamini kwa niaba ya wengine. Kwa ajili yake mwenyewe, imani ilikuwa inakwisha. Hata baada ya ile ndoto hakusema Mungu hayupo, wala hakusema Mungu hawaokoi watu. Alisema anawaokoa wote wamwendeao, isipokuwa mtu mmoja, William Cowper. Ni ugonjwa huo, najua. Lakini tazameni ulivyo wa ajabu: alijitoa yeye peke yake kwenye ahadi, na ahadi akaiacha nzima kwa ajili yetu.

Baada ya wimbo ule kuna miaka ya sungura, bustani na useremala. Sisemi mzaha. Mwaka 1774 alianza kufuga sungura pori watatu, akawapa majina Puss, Tiney na Bess, akawatengenezea vibanda kwa mikono yake. Mama Unwin alimtunza. Newton alimkaribisha nyumbani kwake zaidi ya mwaka mzima, mgonjwa asiyetaka kurudi kwake ng'ambo ya bustani. Akaandika shairi la kuchekesha la John Gilpin, kisha mwaka 1785 shairi kubwa, The Task, lililompa sifa Uingereza nzima. Gizani mtu anaweza kufanya kazi. Hili wahubiri hawalisemi, sijui kwa nini, wakati lingewasaidia wengi kuliko hadithi ya ukungu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi Waafrika hatuwezi kulipita tukiwa tumefumba macho. Newton huyu mwenye uhakika wa kuongozwa na Mungu alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Alimlilia Mungu katika tufani mwaka 1748 na akahesabu kuongoka kwake kuanzia hapo. Kisha akaendelea na biashara ile hadi 1754, akiwaongoza mabaharia wake katika ibada ya Jumapili juu ya sitaha, na watu wamefungwa minyororo chini. Miaka mingi baadaye, 1788, aliandika kitabu kidogo kuishutumu biashara hiyo, na tumpe haki yake. Mwaka huo huo Cowper, aliyeamini kwamba hana pa kwenda ila motoni, alitunga mashairi ya kutetea watumwa. Kwa hiyo ndugu zangu mnaoandika kwamba mhusika wenu "alisikia amani moyoni" na kwa hiyo njia ilikuwa sahihi, angalieni. Newton kijana naye alisikia amani moyoni.

Halafu lipo shairi la mwisho. Linaitwa The Castaway, lilitungwa 1799, mwaka mmoja kabla hajafa. Mary Unwin alikuwa ameshafariki tangu 1796. Cowper alikuwa amesoma katika kitabu cha safari ya Anson ya kuzunguka dunia (1740 hadi 1744) habari za baharia aliyetupwa nje ya meli. Tukio lile lina mistari michache tu kitabuni. Yeye akalitolea mishororo 66.

Ni usiku. Mtu yuko majini, anaogelea, anaita. Wenzake wanamtupia pipa, tundu la kuku, kamba, chochote kinachoelea. Lakini upepo ni mkali na meli haiwezi kugeuka. Na yeye pale majini anaelewa kwamba hawawezi kugeuka, kwamba wakijaribu watakufa wote. Inamuuma hata hivyo kuachwa. Anadumu saa nzima. Kisha sauti yake haisikiki tena.

"Mimi" amerudi. Anatokea mshororo wa tatu tu wa shairi, mara moja, kisha anajificha nyuma ya baharia hadi beti za mwisho, ambapo anasema waziwazi kwamba wote wawili wamezama, kila mmoja peke yake, na bahari yangu mimi ilikuwa kali zaidi. Na ile tufani tuliyoiona 1773, ile ambayo Mungu alikuwa anaipanda? Ipo. Imerudi, bahari ile ile. Safari hii hakuna sauti ya kutoka mbinguni ya kuituliza.

Nilipohesabu silabi za shairi hili nilishtuka. Mishororo minne ya kwanza ya kila ubeti ni 8 na 6, 8 na 6. Ni mizani ya wimbo wa kanisani! Unaweza kuiimba kwa tuni ya ule wimbo wa damu, na itakaa sawasawa. Lakini pale ambapo wimbo ungekwisha, Cowper anaongeza mishororo miwili ya 8, yenye vina vya peke yake, na mara nyingi ndiyo inayobeba uchungu wa ubeti. Kama mtu aliyebaki anaimba baada ya kwaya kukaa.

Wapo watakaosema: basi mtu huyu imani ilimshinda, tumwache. Mimi sioni hivyo, na Biblia yenyewe haituruhusu kuona hivyo. Ifungue Zaburi ya 88. Inaanza kwa kulia mchana na usiku, inaishia gizani, na hakuna ubeti wa shukrani uliobandikwa mwishoni. Waliokusanya Zaburi waliiona, wakaiacha humo humo pamoja na zile za malisho mabichi. Hawakuitafutia ukungu na gari la farasi.

Nasema haya kwa sababu ya tunayoandika sisi. Soma hadithi fupi za vijana za mambo ya imani, humu jaridani na kwingineko. Ukurasa wa kwanza msichana amefukuzwa nyumbani. Wa tatu anaumwa. Wa tano anapiga magoti. Wa sita anapata kazi benki, na yule kaka wa kwaya anakuja kumchumbia. Giza linadumu kurasa mbili na nusu, kama umeme uliokatika kwa dakika kumi. Upande wa pili tuna Kezilahabi. Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974) zinajua giza mpaka mwisho wake, Rosa anakufa na Kazimoto anakufa kwa mikono yao wenyewe, na ukitafuta humo mtu wa kumwamini Mungu kwa dhati utachoka. Fasihi yetu imegawana: hawa wamechukua taa, wale wamechukua usiku. Riwaya ninayotamani kuisoma, na ikibidi kuiandika, ni ya mtu anayewaimbia wengine 8 na 6 huku yeye mwenyewe yuko majini.

The Castaway kwa Kiswahili sijaiona mahali. Nimeanza kuitafsiri katika daftari, kwa mizani zake zile zile, nikifuata mfano wa yule mtafsiri wa Tenzi. Beti ni 11 na niko kwenye wa tano, pale wenzake wanapoanza kutupa vitu majini. Mishororo minne ya kwanza huja bila taabu, kwa sababu tuni naijua tangu utotoni. Inayonikesha ni ile miwili ya mwisho.