Kisima cha Abazon: Maji na Mamlaka katika Riwaya ya Achebe

Katika Anthills of the Savannah (1987), Chinua Achebe anaufafanua utawala wa kijeshi kwa kisima. Watu wa Abazon hawakuliunga mkono pendekezo la kumfanya Sam Rais wa maisha. Basi uchimbaji wa visima vyao ukasimamishwa, ukame ungalipo. Hapo ndipo riwaya inapofaulu: nguvu ya dikteta si bunduki tu, bali pia uwezo wa kugawa na kunyima.

Lakini Sam akishapinduliwa, riwaya inamalizikia katika sherehe ya kumpa mtoto jina, bila kuuliza ni nani atakayeyagawa maji. Swali hilo si dogo. Nigeria, nchi ya mwandishi, ilirudi chini ya raia mwaka 1979; tarehe 31 Desemba 1983 wanajeshi wakaitwaa tena. Mtawala hubadilika, mgao usipobadilika, kisima hubaki kimefungwa.