Adui Asiyekufa

Enzi za vibanda vya video sheria ilikuwa moja: steringi hafi. Rambo apigwe risasi, Bruce Lee achanwe kucha kifuani, atainuka tu. Zikaja picha za muuaji na kisu, sheria ikapinduliwa. Sasa asiyekufa ni adui. Steringi ni binti mwoga anayebaki peke yake mwisho, anamchoma jamaa, jamaa anaanguka, binti anakaa chini kulia, kibanda kizima kinapiga kelele, "Mmalizie, we dada!" Hammalizii. Kelele zile ndizo utamu wenyewe.

Washikaji wanaoandika wanazidharau picha hizi, eti zote ni zilezile. Ni zilezile kweli: simu imekatwa, gari haliwaki, halafu kuna mjinga anasema "tugawanyike". Lakini mazoea hayo yalitokana na mfuko mtupu. John Carpenter alitengeneza Halloween mwaka 1978 kwa dola kama 300,000, vijisenti kwa Hollywood. Kinyago cha muuaji kilinunuliwa dukani, sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, kikapakwa rangi nyeupe. Majani makavu ya barabarani yalipakwa rangi, yakatandazwa, yakaokotwa ili yatandazwe tena kesho. Muziki alitunga mwenyewe. Na damu? Kidogo mno, itazameni upya. Kinachotisha ni kamera inayoona kwa macho ya muuaji, nasi tukajikuta tunapumua naye. Waigaji waliofuata waliongeza ndoo za damu, wakapunguza subira. Friday the 13th (1980) angalau ina ujanja mmoja: muuaji ni mama mtu. Jason na kinyago chake cha hoki tulisubirishwa hadi sehemu ya tatu, 1982.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaoiga kwa Kiswahili. Binti yuko peke yake kwenye jumba, usiku, simu imekatwa. Jumba la wapi, jamani? Mwandiga tunapanga vyumba sita, ua mmoja. Ukikohoa usiku wa manane jirani anakwambia pole. Muuaji huyo angegongana mlangoni na mama anayewahi gari na madumu yake ya mawese.

Mwaka 1995, Popobawa alipoitikisa Pemba na Unguja, watu hawakugawanyika. Walitoka nje wakalala pamoja. Hofu yetu ina umati: tunachoogopa ni kwamba adui huenda yumo humu humu, kati ya tuliolala. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, na baadaye Shumileta, aliachana na mtu wa kisu akashika mizimu na majini. Alichagua vizuri, maana jini hazuiwi na wapangaji sita.

Basi leteni hadithi ya ziwani. Usiku, taa za wavuvi wa dagaa, boti imeondoka na watu saba, katikati ya maji wanahesabiwa wanane. Nitaisoma hata ikija kwa penseli.