Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kati ya Aprili na Juni 2012, jumba la Shakespeare's Globe, kando ya mto Thames jijini London, liliwaachia wageni jukwaa. Tamthilia 37 zilichezwa kwa lugha 37. Kimaori kilipata Troilus and Cressida, lugha ya alama ya Uingereza ikapata Love's Labour's Lost. Kiswahili kilipewa The Merry Wives of Windsor, ikachezwa na Bitter Pill pamoja na The Theatre Company ya Nairobi kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa.

Ni rahisi kunung'unika kuhusu mgawo huo. Sudan Kusini, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru, ilicheza Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba: kisa cha ufalme unaogoma kulipa ushuru kwa Roma. Hapo kila mtu aliona uzito. Sisi tukaletewa Falstaff, mzee mnene asiye na senti, anayewaandikia wake za watu wawili barua za mapenzi zinazofanana neno kwa neno, na kuishia ndani ya tenga la nguo chafu.

Lakini mimi naona Kiswahili ndicho kilichopewa mtihani mgumu zaidi. Msiba huvuka mipaka kwa urahisi. Kilio hakihitaji kamusi. Kichekesho hukaa ndani ya neno lenyewe, katika lafudhi, katika namna mtu anavyovuta silabi. Hata jina la mchezo linaonyesha hivyo. "Wa heri" si wachangamfu tu. Ni wenye baraka, wenye bahati njema. Neno moja linawapa wanawake hao heshima kabla hawajatokea, nasi tunajua mapema nani ataaibika.

Tena Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto, mghani ambaye Watanzania wanamfahamu kwa sauti yake kuliko kwa kitabu chochote. Uteuzi huo una maana. Kwa wengi wetu Shakespeare wa Kiswahili ni wa kusomwa: Mabepari wa Venisi ya Nyerere ya 1969, au Makbeth ya Mushi, vitabu vya rafuni. Huyu wa Globe alikuwa wa mdomo, wa kibarazani.

Tatizo langu ni jinsi mwenyeji alivyosikiliza. Maandishi ya pembeni mwa jukwaa yalitoa muhtasari wa kila onyesho, hayakutafsiri maneno. Nauunga mkono uamuzi huo, maana tafsiri kamili ingeyavuta macho kutoka kwa waigizaji. Hata hivyo, wasiojua lugha walicheka kisa, wanaoijua wakacheka kisa na maneno. Pengo hilo huzibwa na muda tu, na kila kundi lilipewa maonyesho machache kabla ya kumpisha mwingine. Lugha 37 kwa majuma saba ni gwaride zuri la bendera, lakini bendera haizungumzi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni alikuja na dawa yake. Msimu mwingine wa aina hii upunguze idadi ya lugha, uongeze usiku wa kila moja, ili mwenyeji arudi mara ya pili akiwa ameshajua kisa, aanze kusikia maneno.