Istilahi ya Titresheni na Lugha ya Kupimia Saruji

Mjadala wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umezoea kuanza na neno na kuishia papo hapo kwenye neno. Likishapatikana jina la tendo, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Upimaji wa saruji maabarani unaonyesha udhaifu wa mtazamo huo.

Jina la kitu chenyewe halijapata kuleta taabu. Saruji ni neno lililotujia kutoka Uajemi na Uarabuni, na huko Oman lingali likitaja udongo uliochomwa na kusagwa, ambao kwao mifereji ya aflaji ilisakafiwa karne nyingi kabla Joseph Aspdin hajapata hataza yake ya saruji ya Portland mwaka 1824. Neno kongwe lilipewa kitu kipya, likakaa bega kwa bega na simiti ya mafundi, wala hakuna nyumba iliyoanguka kwa sababu hiyo.

Matatizo yanazuka kwenye tendo. Kuna hoja kwamba titresheni iitwe udondoshaji, maana mpimaji hudondosha mmumunyo kutoka katika bureti, tone kwa tone. Hoja hii inavutia masikio, lakini ina kasoro mbili. Kwanza, wanaisimu wamekwisha kulitumia neno hilo kwa sauti inayopotea katika neno, ilhali katika chupa ya mkemia kinachodondoshwa huongezeka. Kasoro ya pili ndiyo nzito: neno linasifu mkono na kuisahau akili. Kiini cha titresheni ni kukijua kisichojulikana kwa kiasi cha kinachojulikana.

Hata hivyo, neno likiwa zuri namna gani, halitaiokoa sentensi mbovu. Chukua agizo kama hili: ‘Pima magnesiamu kwa EDTA.’ Kisarufi halina ila. Kikemia halisemi kweli. Saruji huyeyushwa katika asidi, silika ikachujwa na kupimwa kwa mizani, na chuma na alumini vikazuiwa visiingilie. Kisha, katika pH 10, EDTA hushika kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja, mpaka kiashiria kigeuke kutoka wekundu hadi buluu. Katika pH inayozidi 12, magnesiamu hujitenga kama haidroksidi, na kalsiamu hupimwa peke yake. Magnesiamu basi haikupimwa na mtu; imepatikana kwa kutoa.

Si jambo dogo. Tuseme sampuli ina miligramu 25 za saruji, yenye asilimia 64 ya oksidi ya kalsiamu na asilimia 2 ya oksidi ya magnesiamu. Kwa EDTA ya molari 0.01, kalsiamu itadai mililita 28.5 hivi, na magnesiamu 1.24 tu. Tone moja la mililita 0.05 lililopita kiasi katika usomaji wa kwanza halionekani kitu mbele ya kalsiamu, lakini ni asilimia 4 ya magnesiamu yote. Na oksidi hiyo, ikizidi, huvimba polepole ndani ya zege lililokwisha kukauka na kulipasua. Ndiyo sababu kanuni ya EN 197-1 huiwekea klinka mpaka wa asilimia 5. Kweli, viwanda vingi leo hutegemea mashine za eksirei, lakini titresheni ingali miongoni mwa mbinu zilizoandikwa katika EN 196-2.

Kitenzi kupima kimebebeshwa mizani, bureti na hesabu bila kubagua, na neno kikomo likatumika kwa kugeuka kwa rangi na kwa ulinganifu wa kemikali pia, kana kwamba jicho na mmumunyo havipitani kamwe. Titresheni na ibaki titresheni. Jasho la mfasiri limwagike kwenye maagizo, yasomeke hivi: ‘Soma bureti katika pH 10, kisha usome ya sampuli nyingine iliyo sawa katika pH inayozidi 12. Toa usomaji wa pili katika wa kwanza; kinachosalia ndicho kiasi cha EDTA kilichoshikwa na magnesiamu.’