Springi, Matiko na Mpini: Jinsi ya Kuchagua Kisu cha Kwanza cha Mkusanyaji

Mwaka 1953 baharia wa meli za biashara za Marekani, Bob Loveless, aliingia duka la Abercrombie & Fitch jijini New York akitaka kisu cha kampuni ya Randall. Akaambiwa asubiri miezi. Hakusubiri. Alitafuta springi ya gari la Packard la 1937 kwenye vyuma chakavu, akaipasha moto kwenye jiko la meli na kujifulia kisu chake mwenyewe. Jina lililoanzia kwenye springi hiyo leo huwafanya wakusanyaji wa Marekani na Japani watoe maelfu ya dola kwa kisu kimoja.

Springi hiyo isimpite hivi hivi mtu anayeishi Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wa Shinyanga. Kwa wahunzi wa Shinyanga, Kahama na Geita, bamba la springi ya lori ndiyo malighafi ya kila siku: linatoa panga, shoka, kisu cha kuchunia ng'ombe. Mnunuzi wa kwanza anayeamini kwamba visu vya thamani hutengenezwa kwa madini ya ajabu kutoka ng'ambo anaanza safari kwa mguu mbaya. Chuma kinaweza kuwa kilekile. Kinachotofautisha kisu cha kuweka kwenye mkusanyo na kisu cha gengeni ni yale aliyoyafanya fundi baada ya kuwasha moto, na kazi hiyo husomeka kwenye kisu chenyewe kwa mtu anayejua pa kutazama.

Pa kwanza pa kutazama ni matiko.

Chuma cha springi cha kawaida kina kaboni karibu asilimia 0.6. Kikipashwa hadi takriban nyuzi 830 za Selsiasi kisha kikazamishwa kwenye mafuta, muundo wake wa ndani hubadilika ghafla kikawa kigumu kama kioo, na chepesi kuvunjika kama kioo vilevile. Kwa hiyo hurudishwa kwenye joto dogo, karibu nyuzi 200, hadi uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya nyasi kavu. Hapo kinapunguza ugumu kidogo na kupata ustahimilivu. Kutia matiko ni kazi hizo mbili kwa pamoja, na fundi anayefanya ya kwanza akaruka ya pili anatoa kisu kitakachomeguka makali siku kitakapoanguka kwenye saruji. Yapo pia makosa ya upande wa pili, nayo ndiyo mengi zaidi. Springi ikiwa chini ya gari ni laini kuliko makali ya kisu yanavyotakiwa, kwa sababu kiwandani ilirudishwa kwenye joto kubwa ili iwe inapinda bila kukatika. Anayeikata kwa grinda, akaisugua ikang'aa na kuichongea ncha bila kuitia matiko upya, anauza kipande cha springi chenye mpini.

Mnunuzi atajuaje? Kwanza kwa kuuliza, na kuuliza kwa adabu. Usukumani mtu haanzi na bei, anaanza na "Mwangaluka" kama ni asubuhi, anapewa kigoda, anatazama kazi kidogo, kisha anauliza: "Mzee fundi, chuma hiki ulikitoa kwenye nini? Na moto wake ulijuaje kwamba umetosha?" Fundi anayeifahamu kazi yake hulifurahia swali hilo. Wapo wanaotumia sumaku: chuma kikikaribia nyuzi 770 sumaku huacha kukivuta, na fundi anajua kwamba amebakiza hatua ndogo tu. Wengine husoma rangi, ndiyo maana hutia matiko kwenye kivuli au jioni, jua lisiwadanganye macho. Jibu la aina hiyo lina uzito kuliko maneno "chuma cha Mjerumani" yanayorudiwa kwenye kila genge.

Eneo la migodi lina mtego wake. Vyuma vya kutobolea miamba, gololi za karasha na vipande vya mitambo vimejaa kote, na vingine ni vyuma bora. Lakini kila aina inataka joto lake na mafuta yake. Fundi asiyejua ameshika nini anabahatisha, hata awe na mkono mwepesi kiasi gani. Springi kuukuu nayo inaweza kuwa na nyufa za uchovu zisizoonekana hadi bapa litakapotiwa matiko.

Pili ni majaribio. Tupa mpya ikipitishwa taratibu kwenye makali yaliyotiwa matiko vizuri huteleza badala ya kuuma. Jaribio zuri zaidi ni la fimbo ya shaba nyeupe: makali yanalazwa juu yake kwa pembe ndogo na kukandamizwa kidogo. Yakipinda kwa unywele kisha yakarudi, matiko yamekaa. Yakibaki yamepinda, ni laini. Yakimeguka, ni magumu mno. Mnunuzi amwombe fundi afanye mwenyewe, maana si heshima kukisugua kwa tupa kisu cha mtu ambacho hujakilipia.

Chama cha wafua visu cha Marekani, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976 na Bill Moran, kina mtihani mkali kuliko huo. Kisu kilekile kinakata kwa pigo moja kamba nene ya inchi moja inayoning'inia, kinakata mara mbili ubao wa inchi mbili kwa nne, kinatakiwa bado kinyoe nywele za mkono, kisha kinabanwa kwenye jiriwa na kupindwa nyuzi 90 bila kuvunjika vipande viwili. Hakuna atakayepinda kisu alichokinunua ili akitunze. Lakini kumuuliza fundi wa Kishapu kama amewahi kupinda chake, hata kimoja kilichoharibika, ni swali la haki kabisa.

Baada ya matiko ni maungio. Wanunuzi wa almasi pale Maganzo hutembea na lenzi ya kukuza mara kumi mfukoni, na lenzi hiyohiyo inafaa kwa kisu. Itazamwe sehemu bapa linapokutana na kikinga vidole. Pasiwe na mwanga unaopenya wala lehemu iliyomwagika nje ya mstari. Ribiti ziwe sawa na mpini hata kidole kikipita kisizisikie. Kisha kisu kielekezwe makali juu, kitazamwe kutoka nchani: miteremko ya pande mbili za bapa ianze mahali pamoja na kufikia kimo kimoja. Hapo ndipo fundi wa haraka anapokamatwa, kwa sababu kusawazisha pande mbili kwa mkono huchukua muda usioweza kuibwa popote.

Msuka, yaani ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini, nao una mengi. Wahunzi wengi wa vijijini hutengeneza msuka mwembamba wenye ncha, huupasha moto na kuusukuma ndani ya mti hadi uutoboe wenyewe. Kwa kisu cha jikoni inatosha. Kwa kisu cha kutunzwa kwa miaka mingi haitoshi, kwa sababu mti uliounguzwa ndani huendelea kulegea. Njia mbili zilizothibitika ni msuka uliojificha, unaopita katikati ya mpini na kufungwa kitakoni, kama Randall wanavyofanya kwenye mipini yao ya pete za ngozi, na msuka mpana unaoonekana pande zote, uliobanwa kwa vipande viwili vya mti. Loveless aliupendelea huu wa pili, lakini aliupunguza unene kuelekea kitakoni ili uzito usirudi nyuma ya mkono. Ukikiweka kisu cha namna hiyo juu ya kidole karibu na kikinga, kinalala sawa. Ni kazi ngumu isiyoonekana kwa mbali, na ndiyo inayostahili kulipiwa.

Hali ya hewa ya Shinyanga inalazimisha swali moja zaidi. Mti uliokaushwa pwani, ukiletwa kwenye kiangazi cha Kishapu, husinyaa. Kingo za msuka hujitokeza na ribiti hulegea. Mpingo uliokaa miaka kwenye karakana ya hukuhuku ni salama kuliko mpingo mzuri zaidi uliowasili juzi. Na mpingo ni fahari ambayo mkusanyaji wa Tanzania hana haja ya kuiagiza: mafundi wa Ulaya na Marekani huununua kwa bei ghali kwa mipini ya visu vyao. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo kwenye orodha ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo anayevusha magogo au mbao mipakani anahitaji vibali. Pembe ya ng'ombe, ambayo Usukuma ina utajiri wake, haina mzigo huo, na ikichemshwa, ikabanwa na kukaushwa vizuri hutoa mpini wenye mawimbi ya rangi yasiyojirudia.

Pembe za ndovu na za faru ziachwe kabisa. Majambia ya Yemen na makhanjari ya zamani ya Oman yalipata sifa kwa mipini ya pembe ya faru, na mnyama huyo alilipa gharama yake katika mbuga za Afrika Mashariki. Biashara ya kimataifa ya pembe ya faru ilifungwa mwaka 1977, ya ndovu wa Afrika ikafuata kwa uamuzi wa 1989. Oman ilipoingiza ufundi wa khanjari kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022, kilichotambuliwa ni ujuzi wa mafundi na desturi za uvaaji, na ujuzi huo unaishi bila pembe.

Suala la ushahidi wa asili ya kisu linahitaji muda zaidi, na Mwadui ina mfano wake bora duniani. Almasi ya waridi iliyochimbwa katika mgodi wa Dk. John Williamson mwezi Oktoba 1947 ilikuwa na karati 54.5. Ikakatwa London mwaka uliofuata ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier waliiweka katikati ya bruchi ya ua ya Malkia Elizabeth II. Kila hatua inajulikana: mgodi, mwaka, uzito wa kabla na wa baada. Visu vya zamani mara nyingi havina kumbukumbu hiyo, na pengo hilo ndilo wanaloingilia waghushi. Mihuri ya Loveless ilibadilika kulingana na alikoishi, kutoka Delaware hadi Lawndale hadi Riverside, hivyo muhuri usiolingana na umbo la kisu ni dalili ya ulaghai. Visu vya Randall huchunguzwa hata kwa ala: za Heiser zilitumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha zikaja za Johnson. Ala iliyobadilishwa inapunguza bei, na mara nyingine inamfichua muuzaji.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kumtuma mgeni aanze na Loveless ni mbaya. Bei ni kubwa, bandia ni nyingi, na jicho lake bado halijazoea.

Kuna wanaovutiwa na vyuma vya kale vya hapa nyumbani, na sababu wanayo. Warongo walikuwa wakiyeyusha mtapo na kufua majembe kati ya Geita, Biharamulo na Kahama, majembe yaliyolipiwa mahari na kusafiri hadi soko la Tabora. Mkoani Kagera, wazee wa Kihaya waliwaonyesha Peter Schmidt na Donald Avery katika miaka ya 1970 jinsi tanuri lao lilivyoshushia mirija ya udongo ndani ya moto, na utafiti wao wa 1978 ulieleza kwamba kwa njia hiyo hewa hupata joto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba chuma cha pua kilitengenezwa pale karne nyingi kabla ya wageni kufika. Lakini kisu cha kale ni mali ya historia pia. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, inagusa hata vitu vya utamaduni vya baadaye, na kuvitoa nchini kunataka leseni. Kwa jicho la mwanzo, makumbusho ya Bujora huko Kisesa, karibu na Mwanza, yanatoa nafasi ya kuona vyombo vya Wasukuma bila kushawishika kununua.

Kisu cha kwanza, basi, kiagizwe kwa fundi aliye hai na anayefikika. Umbo liwe rahisi: bapa la sentimita 10 hivi, mgongo unaoshuka kwa upole hadi nchani, kikinga kidogo au pasiwe nacho kabisa, mpini wa mpingo au pembe ya ng'ombe. Mapambo hayafai kwenye oda ya kwanza kwa kuwa huficha maungio. Malipo ya awali yatolewe, bei isivutwe hadi fundi aamue kupunguza saa za kazi, na tarehe iwe ile anayoitaja yeye. Siku ya kukabidhiana, fundi agonge alama yake kwenye bapa, na karatasi moja iandikwe jina lake, kijiji, mwezi na mwaka, chuma kilikotoka, mafuta aliyotumia kutia matiko, na mti au pembe ya mpini. Picha ya fundi akiwa na kisu, kwa ridhaa yake, iambatane nayo.

Nyumbani kisilale ndani ya ala. Ngozi hutunza unyevu na mabaki ya dawa za kuilainishia, na kwenye shaba nyeupe huacha ukoko wa kijani ndani ya miezi michache. Bapa lipakwe mafuta membamba ya cherehani, lifungwe kwa kitambaa cha pamba, na litazamwe mara kwa mara masika yanapoanza. Anayehamia Dar es Salaam au Unguja alitazame kila wiki, kwa sababu hewa ya chumvi hula chuma cha springi upesi kuliko vumbi la Shinyanga.