Kimchi jjigae: uchachu kwanza, pilipili baadaye

Ukiutazama mchuzi wa kimchi jjigae ukitokota, wekundu wake unakufanya udhani kazi yote imefanywa na pilipili. Sivyo. Kinachoubeba mchuzi huu wa Kikorea ni uchachu, na uchachu huo hautiwi siku ya kupika. Hutoka kwenye kimchi, yaani kabichi ya kuchachushwa, iliyokwisha kukaa wiki kadhaa, hata miezi. Bakteria hula sukari ya kabichi na kutoa asidi laktiki, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo kimchi inavyozidi kuchachuka. Ikifika hapo, Wakorea huipeleka chunguni. Ukipika kimchi ya juzi, utapata supu ya kabichi yenye pilipili, basi.

Hatua inayoamua mambo huja kabla ya maji. Nyama ya nguruwe yenye mafuta, gramu 200 hivi, hukaangwa taratibu mpaka mafuta yake yatoke. Ndipo huingia vikombe 2 vya kimchi iliyokatwakatwa na kijiko kikubwa cha gochugaru, pilipili ya unga ya Kikorea. Rangi ya pilipili na muwasho wake huyeyuka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukiharakisha maji, mchuzi unapwaya. Moto uwe wa wastani, maana gochugaru huungua upesi na kuacha uchungu usioondoka. Sikiliza sufuria: mlio wa kuchemka ukigeuka kuwa mlio wa kukaanga, na kingo za kabichi zikianza kung'aa, imekuwa tayari.

Sasa vikombe 3 vya maji. Wengi Korea hutumia maji ya kuoshea mchele, ambayo wanga wake huupa mchuzi uzito. Wengine supu ya dagaa wakavu na mwani. Mimi nachagua dagaa, hasa nyama ikiwa kidogo. Usimwage maji ya kimchi yenyewe, robo kikombe chake ni kiungo tosha. Acha ichemke nusu saa, kwa sababu asidi huchelewesha kabichi kulainika. Uchachu ukizidi, sukari kidogo itautuliza. Tofu na majani ya vitunguu huingia dakika 5 za mwisho.

Asiyekula nguruwe hapungukiwi. Wakorea wenyewe hupika pia kwa jodari wa kopo: mafuta ya kopo hukaangia kimchi, naye jodari husubiri aingie pamoja na tofu, maana akichemka nusu nzima ya saa atavurugika.