Kabati la Mtumba Lililopakwa Upya: Jinsi ya Kuitambua Kazi Safi

Rangi ya chaki ina huruma kwa fundi. Hushika juu ya mbao tupu na juu ya vanishi kuukuu, hukauka upesi, na kwa kuwa haing'ai, haianiki mabonde na mikwaruzo kama ifanyavyo rangi ya mafuta. Ndiyo maana kabati la mtumba lililokuwa likisubiri kupasuliwa kuni huweza kurudi sebuleni baada ya siku mbili likiwa na sura ya samani ya hoteli. Huruma hiyohiyo humsitiri fundi mvivu. Mnunuzi mwenye jicho hatumii muda mwingi kwenye rangi. Hutafuta kazi iliyofanyika kabla ya brashi, na ile iliyofuata baada yake.

Rangi yenyewe

Annie Sloan wa Uingereza alianza kuiuza mwaka 1990 kwa jina la Chalk Paint, na baadaye kampuni nyingine zikatoa rangi za mtindo huo. Siri yake ni unga mwingi na gundi kidogo. Chembe za unga hujitokeza juu na kuutawanya mwanga, ndipo uso unapopata ule upole unaopendwa. Lakini uso wa namna hiyo hunywa kila kinachomwagika: chai, mafuta, jasho la mikono. Bila nta au vanishi juu yake, kazi haijaisha.

Wapo mafundi wanaochanganya wenyewe, rangi ya maji kwa unga wa jipsamu. Si kosa. Ila jipsamu ikikutana na maji huanza kuganda, na fundi anayechelewa kuimaliza huishia kupaka chenga. Pitisha kiganja polepole juu ya meza. Chenga hazionekani, lakini mkono huzijua.

Anza chini

Kiti kipindue, droo ichomoe uitazame mgongoni na chini. Huko brashi haifiki, na mbao husema kweli. Tafuta vitundu vya bungua. Ukigonga na unga mwepesi ukamwagika, huenda mdudu bado yumo ndani anakula, na rangi haitamzuia.

Kisha maungio. Shika kiti kwa mgongo ukitikise kimshazari. Ulimi uliolegea ulipaswa kufunguliwa, kukwanguliwa gundi ya zamani, kutiwa mpya na kubanwa hadi ikauke. Msumari uliopigwa kwa nje kisha ukafunikwa kwa rangi ni danganya toto. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa misimu, na siku moja kichwa cha msumari kitachungulia.

Tazama pia bawaba na vitasa. Fundi makini huvifungua kwanza, akavirudisha rangi ikishakauka. Skrubu iliyojaa rangi kichwani ni ushahidi wa haraka, na mwenye haraka kwenye skrubu huwa na haraka kwingine. Mbavu za droo zinazosuguana ziwe tupu au zimepakwa nta peke yake. Ukizijaza rangi, mbao ikivimba kwa unyevu wa masika huko Pwani, droo haitoki.

Ukucha na tone la maji

Omba ruhusa, uchague mahali pa siri kama nyuma ya mguu, ukwaruze kwa ukucha. Rangi ikibanduka vipande, ilipakwa juu ya mafuta au polishi ya zamani: rangi hii husamehe vanishi, haisamehe uchafu. Ikitoka unga, gundi ilikuwa kidogo mno au haikufungwa kwa chochote. Ikibaki alama hafifu inayofutika kwa kitambaa, endelea na ukaguzi kwa moyo mkunjufu.

Sasa dondosha tone moja la maji mahali hapohapo, usubiri dakika moja. Likisimama juu kama shanga, uso umefungwa. Rangi ikikolea mara moja na kulimeza tone, hujauziwa samani iliyokamilika.

Madoa yanayopanda

Mninga na mkangazi zina rangi yake ya asili ndani, na maji yaliyomo kwenye rangi ya chaki huivuta juu. Kwenye kabati jeupe utaona mawingu ya kahawia au ya waridi, hasa penye vifundo. Kuongeza mkono wa tatu au wa nne hakusaidii, kwa sababu kila mkono huleta maji mengine. Dawa ni shelaki iliyoyeyushwa kwenye spiriti, ipakwe kabla ya rangi. Chunguza mlango karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni.

Uchakavu wa kutengeneza

Wengi hupenda rangi iliyosuguliwa ili samani ionekane ya kale. Hapa ndipo ladha ya fundi hupimwa. Samani huchakaa pale inapoguswa: pembeni mwa kishikio cha droo, mwisho wa mkono wa kiti, ncha za miguu inayopigwa na ufagio. Msasa ukiwa umepita sawasawa kwenye kila ukingo, au kidonda kikiwa katikati ya mlango ambapo hakuna mkono unaofika, huo ni uigizaji. Vivyo hivyo nta nyeusi: ipakwe juu ya nta isiyo na rangi, ikae kwenye mifereji ya nakshi tu. Ikipakwa moja kwa moja juu ya rangi, huacha mabaka yasiyotoka.

Nta au vanishi?

Nta ya nyuki, kama ile inayovunwa Tabora, huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi. Karnauba, itokayo kwenye majani ya mmea wa Brazili, huvuka 80. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi inaishinda ile ya kwanza, kwa hiyo meza ya chakula iliyofungwa kwa nta ya nyuki peke yake itapata duara la kikombe siku ya kwanza. Nta inafaa kabati, kioo na kitanda. Meza inataka vanishi ya maji, kwani ya mafuta huugeuza weupe kuwa manjano. Uamuzi ufanyike mapema, maana vanishi haishiki juu ya nta. Nta nzuri haikamati kidole, nayo huhitaji takriban wiki tatu ili ikomae kabisa.

Visivyopakwa

Kasha la Zanzibar lenye misumari ya shaba, kiti cha enzi, meza ya mninga yenye mishipa mizuri: hivi husafishwa na kutiwa mafuta tu. Fundi anayekataa kuvipaka rangi anastahili kupewa kazi nyingine.

Kabla ya kutoa pesa, uliza mambo matatu: chini ni mbao gani, ulipaka nini kabla ya rangi, na umefunga kwa nini? Aliyeifanya kazi atakujibu kwa majina na kwa mpangilio. Anayejibu tu kwamba rangi imetoka Ulaya, mshukuru, umwachie kabati lake.